Hasira dhidi ya CCM haikuanza Oktoba 29: njia za kuiwajibisha zilizibwa moja baada ya nyingine

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu vijana walipoingia barabarani kuandamana, maelezo mawili yamekuwa yakirushwa kila kona. Moja linasema vijana walinunuliwa na watu wa nje. Jingine linasema ni njaa na kukosa ajira, basi. Yote mawili siyakubali. Fedha ya nje haiwezi kuwatoa watu majumbani Mwanza, Arusha, Mbeya na Dar es Salaam siku moja kama hawakuwa na lao moyoni. Na umaskini tunao tangu tuzaliwe. Wazee wetu walipanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 80 na hawakuchoma kitu.

Ninachokiona mimi ni hiki. Mwananchi akichukizwa na sera ya chama tawala anatakiwa awe na pa kuipeleka hasira yake: mwenyekiti wa mtaa, mbunge, mahakama, sanduku la kura, hata kikao cha tawi cha chama chenyewe. CCM imeziba kote huko, kwa muda mrefu na hatua kwa hatua, mara nyingi kwa kupitisha sheria. Kilichobaki ni kulalamika mpaka mkubwa aone huruma apunguze kidogo. Uzi ni mrefu, naomba mniwie radhi.

Naanzia mbali kidogo. Chama kilichozaliwa Februari 5, 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP kilirithi Azimio la Arusha, na ndani ya Azimio kulikuwa na miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni ya kibepari, asiwe mkurugenzi kwenye kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Unaweza kuibishia miiko ile kiuchumi, na wengi waliibishia kwa hoja nzito. Lakini ilimpa mjumbe wa nyumba kumi haki ya kumuuliza mkuu wa wilaya: lile jengo ni la nani? Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikailegeza miiko hiyo. Tangu hapo kiongozi wa chama cha wakulima na wafanyakazi anaweza kuwa na chochote, na swali la mjumbe likakosa kifungu cha kusimamia. Tumebaki na fomu za kutangaza mali zinazopelekwa kwenye Sekretarieti ya Maadili, ambazo wewe na mimi hatuzioni.

Mwaka 1992 ukaja mfumo wa vyama vingi. Tume ya Jaji Nyalali ilikuta wengi waliohojiwa, karibu wanne katika kila watano, wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikashauri vyama vingi viruhusiwe. Ikataja pia sheria 40 zinazokandamiza ambazo zilipaswa kufutwa au kurekebishwa. La vyama vingi likakubaliwa, la sheria 40 likasuasua. Na kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui: mali. Wakati wa chama kimoja, chama ndicho kilikuwa nchi. Michango ya kujenga viwanja haikuulizwa kadi, mwananchi alichanga kwa sababu alikuwa mwananchi. Vyama vingi vilipoingia, mali zile zikabaki za chama kimoja. Kirumba pale Mwanza, Sokoine Mbeya, Sheikh Amri Abeid Arusha, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Majimaji Songea, vyote ni vya CCM mpaka leo. Shabiki wa mpira akilipa kiingilio, awe wa CHADEMA, wa ACT au asiye na chama, sehemu inaingia kwenye chama tawala. Mashindano ya siasa yalianza huku timu moja ikimiliki uwanja na mageti yake, na hapa sisemi kwa mafumbo.

Nalikazia hili kwa sababu linaeleza mengi yaliyofuata. Mstari kati ya chama na serikali haukuwahi kuchorwa. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wanaingia kwenye vikao vya chama. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, ambaye ndiye Mwenyekiti wa chama, halafu mkurugenzi huyohuyo anakuwa msimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hilo linavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Mwezi uliofuata, Novemba 2019, Tanzania ikajitoa kwenye tamko linaloruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, mahakama ambayo makao yake yako hapahapa Arusha. Kesi ya wakurugenzi ilikuwa imeshafika huko kabla mlango haujafungwa, na Juni 2023 walalamikaji wakashinda. Sisi tulioshinda tukaendelea kusimamiwa na walewale.

Suala la mgombea binafsi limepita njia hiyohiyo. Mchungaji Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba kuifuta faida ya hukumu. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 akashinda Mahakama ya Afrika, pale Arusha. Ameshafariki, na mpaka leo hugombei hata udiwani bila chama kukudhamini. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilitetea suala hili akiwa nje ya madaraka.

Sasa Bunge. Kuna watu wawili nataka tuwakumbuke, kwa sababu wanaonyesha kilivyopotea chombo chetu cha kuuliza. Wa kwanza ni Profesa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Alisema kwenye mahojiano kwamba kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Bunge likamwita, likamhoji, na Aprili 2019 likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba akaondolewa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kule kulikiuka Katiba, lakini kiti kilikuwa kimeshapata mtu mwingine. Wa pili ni marehemu Ndugai, Spika aliyesimamia azimio lile. Desemba 2021 alihoji mwenendo wa kukopa, akasema nchi itafika kupigwa mnada. Akaomba radhi hadharani, haikusaidia. Januari 6, 2022 alijiuzulu. Kama mkaguzi wa mahesabu hana usalama na Spika hana usalama, diwani wa kata yako atauliza nini kuhusu fedha za zahanati?

Kwenye Bunge hilohilo, karibu lote la chama kimoja baada ya 2020, ndiko ilikopita tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 15, 2021. Ilikuwa kati ya sh 10 na sh 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni na kodi zilizokuwepo. Mwaka huohuo wa fedha ikaongezwa sh 100 kwa lita ya mafuta, na kodi ya jengo ikahamia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, sh 1,000 kila mwezi, mpangaji akajikuta anamlipia mwenye nyumba. Serikali ilieleza kwamba fedha zitajenga vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini, na ni kweli madarasa yalijengwa. Lakini tozo haikuangalia kama una faida au hasara. Ilimkata mama anayemtumia mtoto nauli ya kurudi shule sawasawa na mfanyabiashara. Watu wakarudi kuwapa madereva wa mabasi bahasha. Kelele zilipozidi, Septemba 2021 ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena, halafu ikasambazwa hadi kwenye benki, halafu ikapunguzwa tena. Mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa.

Angalieni mwendo huo. Hakuna mbunge aliyepoteza kiti kwa tozo. Hakuna waziri aliyewajibika. Kila punguzo lilikuja kama zawadi, likapigiwa makofi, na machawa wakazunguka na mabango ya kushukuru. Mwananchi alifundishwa kwamba anapoumizwa na sheria mbovu, wajibu wake ni kushukuru ikipunguzwa makali.

Na pale watu walipojaribu kutumia njia za kawaida wakashtakiwa. Juni 2023 Bunge liliridhia makubaliano ya bandari na Dubai. Wapo waliokwenda mahakamani Mbeya wakashindwa, sawa, ndiyo mahakama. Lakini Agosti hiyohiyo wakili wao mmoja, Mwabukusi, pamoja na Mdude Nyagali na Dk. Slaa walikamatwa, na polisi wakataja uhaini. Maaskofu Katoliki wakatoa tamko la kupinga mkataba. Oktoba mikataba ikasainiwa.

Serikali za mitaa ndiyo sehemu inayoniuma zaidi, kwa sababu hapo ndipo mtu wa kawaida anapokutana na dola: barua ya utambulisho, mgogoro wa mpaka, taka, ulinzi. Uchaguzi wa Novemba 2019 ofisi zilifungwa wakati wa kurudisha fomu, wagombea wa upinzani wakaenguliwa kwa maelfu kwa makosa ya kujaza, vyama vikubwa vikajitoa, CCM ikapata zaidi ya asilimia 99. Novemba 27, 2024, baada ya falsafa ya 4R ya Rais Samia, maridhiano na mikutano ya hadhara kuruhusiwa, tukadhani mambo yamebadilika. Matokeo: zaidi ya asilimia 98. Na uchaguzi ule unaendeshwa na TAMISEMI, wizara iliyo chini ya Ofisi ya Rais. Waziri anatunga kanuni, waziri anatangaza washindi.

Mwaka 2025 ukamaliza kilichobaki. Lissu, Mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mbinga Aprili 9 akashtakiwa kwa uhaini. Siku tatu baadaye Tume ya Uchaguzi ikasema CHADEMA haitashiriki kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili. Mpina wa ACT-Wazalendo akaenguliwa kwenye urais. Ndani ya CCM, mkutano mkuu wa Januari ulipitisha mgombea miezi mingi kabla ya kawaida, na Polepole, mtu aliyewahi kuwa katibu mwenezi wa chama hicho, alipohoji utaratibu akaacha ubalozi. Oktoba 6 familia yake ikasema amechukuliwa nyumbani. Halafu tukaambiwa ushindi ni asilimia 97.66.

Watu waliuawa. Intaneti ilizimwa, amri ya kutotoka nje ikawekwa Dar es Salaam, na familia zimetafuta miili hospitalini. Umoja wa Mataifa ulizungumzia taarifa za mamia ya vifo. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika, watu ambao kwa kawaida huandika kwa upole mno, safari hii walisema uchaguzi haukufikia viwango. Sitaki kutaja tarakimu ya vifo ambayo haijathibitishwa. Ila anayesema chanzo cha yote hayo ni mitandao ya kijamii anipe jibu: mwananchi aliyekuwa na kero tarehe 28 Oktoba alitakiwa aipeleke wapi?

Karibuni tujadili. Matusi hapana.

MCHANGIAJI WA 2

Mkuu umeandika vitu ambavyo wengi tunavijua vipandevipande. Ya viwanja sikuwahi kuiwaza hivyo.

KADA WA TAWI

Mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu kwa kutotukana. Mimi ni mwana CCM, nimekulia nyumba ya balozi. Lakini umeandika kana kwamba hakuna kilichofanyika. Bwawa la Mwalimu Nyerere linatoa megawati 2,115, mgao wa umeme tulioulalamikia miaka yote umepungua. SGR, reli ya kisasa, inatoka Dar hadi Dodoma tangu 2024. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, mama mjamzito hasubiri tena kivuko. Elimu bila ada imefika kidato cha sita. Mabinti waliopata ujauzito wanarudi shule tangu Novemba 2021. Haya nayo ni sera za chama. Na amani ya nchi hii, ukiilinganisha na majirani, haikudondoka kutoka mbinguni.

Kuhusu vikao vya ndani naomba uamini: tunabishana sana. Shida ni kwamba tukibishana ndani hamtuoni, mnaona tukitoka tumeungana.

MWALIMU WA SEKONDARI

Ngoja niongeze la kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, maana mleta mada hakuligusa.

Mimi ni mwalimu, nimebakiza muda mfupi kustaafu. Nilipoajiriwa, mtumishi aliyekuwa kwenye mfuko wa pensheni wa PSPF au LAPF alijua akistaafu atapata nusu ya mafao yake kwa mkupuo, inayobaki inakuwa pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa, kanuni mpya zikaja na asilimia 25 kwa wote. Maana yake, hata ukiacha mabadiliko mengine ya hesabu, aliyepanga maisha yake kwa mkupuo wa milioni 80 akajikuta kwenye milioni 40. Mwalimu anajenga kwa mkupuo. Anasomesha mtoto wa mwisho kwa mkupuo. Hana kiwanja alichonunua kwa posho, kwa sababu hana posho.

Desemba 2018 Rais Magufuli alisimamisha kanuni zile, tukashangilia. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya Juni 2024 ikasema 40 kwa tuliokuwa kwenye nusu, na 35 kwa waliokuwa kwenye robo. Kila hatua tumeambiwa tushukuru. Hakuna aliyetuuliza mwanzoni, na vyama vyetu vya wafanyakazi viongozi wake wanasimama Mei Mosi kuomba, hawadai. Fedha ni zetu, tumekatwa kila mwezi tangu tukiwa vijana.

Kada wa tawi, mimi pia nimepanda SGR na nimeipenda. Lakini asilimia 10 za mafao yangu zilizopotea kati ya 50 na 40 hazikujadiliwa kwenye kikao chochote nilichoalikwa.

MCHANGIAJI WA WETE

Assalamu alaykum.

Nyinyi wenzetu wa Bara mnayaita haya mapya. Sisi Pemba tumeyazika. Januari 2001 watu waliandamana kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe, wakapigwa risasi, zaidi ya 30 wakafa, na wengine wakavuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikatoa wakimbizi. Wengi Bara wakati ule walituona wakorofi.

Mwaka 2015 kura zimeshahesabiwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha, akatokea kwenye televisheni Oktoba 28 akafuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Machi 2016 ukarudiwa, CUF ikasusia. Hakuna aliyeulizwa.

Nasema haya bila kisasi, wallahi. Nilipoona vijana wa Bara wanakimbia risasi nilimkumbuka mtu wangu. Ila muelewe kwamba chama kilijaribu kwetu kwanza, kikaona hakuna kinachokipata, kikazoea.

Na nyongeza moja. Mwaka 2009 Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa CUF walikaa wawili, wakazungumza, Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, theluthi mbili ya watu wakasema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa 2010 ulipita hakuna aliyeuawa. Kwa hiyo inawezekana wakitaka.

MDAU WA SHERIA

Kwenye orodha ya njia zilizozibwa mleta mada ameacha kubwa kuliko zote: Ibara ya 41(7). Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yoyote nchini yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ubunge unaweza kupinga, udiwani unaweza kupinga, urais huwezi. Mahakama ya Afrika ilisema Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka haki ya raia kusikilizwa. Kipo vilevile.

Kenya mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais, Malawi ikafanya hivyo Februari 2020. Nchi zile hazikuvunjika. Zilipata pa kupeleka ugomvi.

MCHANGIAJI WA 6

Wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na chama chao, CHADEMA, Novemba 2020 walikaa bungeni hadi muhula unaisha. Hilo tu lilinitosha kuacha kuangalia Bunge.

MLETA MADA

Nawashukuru. Nijibu kwa mpangilio.

Kada wa tawi, wewe nakujibu kwanza kwa sababu umenijibu kiungwana. Miradi uliyotaja ipo na ni mizuri, na hili la mabinti kurudi shule nililishangilia kama wewe. Lakini angalia hilo hasa. Kuwafukuza moja kwa moja ilikuwa sera ya CCM, kuwarudisha ni sera ya CCM. Kati ya tamko la 2017 na waraka wa 2021 kuna mabinti waliopoteza shule kabisa, na hakuna kikao ambacho wazazi wao wangeweza kwenda kushinda hoja. Walisubiri Rais mwingine. Nchi nzima inaishi hivyo, kusubiri mtu mmoja abadilike au abadilishwe.

Kuhusu ubishi wa ndani, naamini upo. Lakini Ndugai alikuwa wa ndani. Polepole alikuwa wa ndani. Kama hao wamefika walikofika, mjumbe wa shina atajiamini vipi? Na amani unayoisema mimi naipenda kuliko chochote. Naitaka iwe ya mtu anayejua akionewa atasikilizwa.

Mwalimu, asante kwa kunijazia pengo. Hiyo hesabu ya 50 hadi 40 ningeomba kila mtumishi aielewe kama ulivyoieleza.

Ndugu yangu wa Wete, maneno yako yameniingia. Bara tulinyamaza 2001 na wengi wetu tulinyamaza 2015. Mfano wako wa 2010 ni wa muhimu kuliko yote niliyoandika, kwa sababu unaonyesha CCM hiihii iliwahi kukubali kugawana madaraka na haikufa.

KADA WA TAWI

Nakubali la Polepole linatuumiza hata sisi. Sitasema zaidi ya hapo hapa. Lakini wewe unataka nini hasa? Chama kitoke tu madarakani? Kesho akija mwingine akirithi wakurugenzi haohao na ibara hiyohiyo si atafanya yaleyale?

MLETA MADA

Atafanya yaleyale, tena pengine vibaya zaidi kwa kuwa atakuja na kisasi. Ndiyo maana ukisoma tena uzi hutakuta mahali nimesema suluhisho ni chama fulani.

Ninachotaka kilishaandikwa, na kiliandikwa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na mtu wa CCM, Jaji Warioba, Waziri Mkuu mstaafu. Walizunguka nchi nzima, wakakusanya maoni, rasimu ya pili ikakabidhiwa Desemba 30, 2013. Ndani yake kulikuwa na mgombea huru, mawaziri wasitokane na wabunge, wananchi waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda wake, ukomo wa vipindi vya ubunge, na maadili ya viongozi ndani ya Katiba yenyewe. Miiko ile ya 1967 ilikuwa inarudi kwa mlango wa mbele. Watu walikuwa wamesema wanachotaka. Bunge Maalumu lililojaa CCM likayachomoa mengi ya hayo, UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini Aprili 2014, Oktoba ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikufanyika mpaka leo. Wengi wanadhani mvutano ulikuwa serikali mbili au tatu tu. Kwangu mimi hasara kubwa ilikuwa vile vifungu vidogo vya kumdhibiti mtawala, vilivyopotea kimyakimya wakati watu wanagombania Muungano.

Kwa hiyo kada, kama kweli mnabishana ndani, bishaneni hili. Wakurugenzi waondolewe kwenye uchaguzi. Uchaguzi wa mitaa utolewe TAMISEMI. 41(7) ifutwe. Hakuna hata moja hapo linaloinyima CCM kushinda kama inapendwa kama mnavyosema.

MCHANGIAJI WA 2

Na Tume ya Jaji Chande Othman, iliyoundwa kuchunguza ya Oktoba 29? Tuitegemee?

MLETA MADA

Jaji Mkuu mstaafu namheshimu. Lakini tume imeundwa na Rais, wajumbe wameteuliwa na Rais, na ripoti inakabidhiwa kwa Rais, wakati sehemu ya wanaotakiwa kueleza walichofanya ni vyombo vilivyo chini yake. Familia zinataka kujua mtu wao alipigwa risasi na nani, na amelala wapi. Ripoti ikijibu hayo mawili kwa uwazi, na ikachapishwa yote, nitakuwa wa kwanza kuisifu hapahapa. Tulishawahi kuwa na tume nyingi, ya Nyalali, ya Warioba, na zote zilifanya kazi nzuri. Mahali zinapokwama ni baada ya kukabidhi.

MWALIMU WA SEKONDARI

Sherehe za Uhuru Desemba 9, 2025 zilifutwa. Hata watoto darasani waliuliza kwa nini. Nilikosa la kuwaambia ambalo lisingeniletea matatizo kazini. Niliwaambia wakasome historia.

MDAU WA SHERIA

Mleta mada, ushauri mmoja. Maneno yanasahaulika. Tukusanye vielelezo vya mitaa ya 2024, maana 2029 tutaambiwa tena ni makosa ya kujaza fomu.

MLETA MADA

Wazo zuri, tuanze sasa hivi. Yeyote aliyegombea mtaa, kijiji au kitongoji Novemba 2024 akaenguliwa, aweke hapa sababu iliyoandikwa kwenye barua yake, tarehe aliyorudisha fomu, na kama rufaa yake ilijibiwa. Ficheni majina na namba za simu, ficheni na jina la mtaa kama mnahofia. Wilaya inatosha. Kada wa tawi, na wewe kama mna wagombea wenu waliokatwa kwenye kura za maoni bila maelezo, waambie waje. Nitapanga kwa mkoa kadiri zinavyoingia, na mdau wa sheria atatusaidia kuona ni sababu zipi zinazojirudia.